Uwanja wa Henderson: Njia ya Kilomita Moja Iliyopiganiwa Miezi Sita

Ukiitazama ramani ya dunia, upande wa mashariki wa Papua New Guinea na kaskazini-mashariki ya Australia, utaviona visiwa vingi vilivyotawanyika baharini mfano wa punje za mahindi zilizomwagika sakafuni. Hivyo ni Visiwa vya Solomon. Kimojawapo kinaitwa Guadalcanal. Urefu wake ni kilomita zipatazo 150, kina milima mirefu na misitu minene, na katika pwani yake ya kaskazini pana uwanda mwembamba wa majani na minazi. Katika uwanda huo, karibu na Mto Lunga, upo uwanja wa ndege ambao leo abiria hushuka na masanduku yao kama wanavyoshuka abiria wa mahali pengine popote.

Mwaka 1942 ardhi hiyo ilikuwa na njia moja tu ya kurukia ndege, ya udongo na changarawe, ambayo urefu wake haukuzidi sana kilomita moja. Kwa ajili ya njia hiyo Japani na Marekani walipigana miezi sita, nchi kavu, baharini na angani. Kila upande ulipoteza ndege zaidi ya 600, na bahari iliyo mbele ya uwanja ilimeza meli nyingi kiasi kwamba mabaharia waliipa jina la Mlango wa Vyuma. Wengi waandikapo habari hizi husifu marubani na ndege zao. Sifa hizo wanastahili. Lakini mwenye kuichunguza habari yenyewe kwa makini ataona kwamba uwanja ule ulilindwa hasa na watu waliosimama ardhini: mwenye beleshi, mwenye bunduki handakini, mwenye redio mlimani, na polisi mmoja mstaafu aliyekataa kufungua kinywa chake.

WALIOANZA KUUJENGA

Visiwa vya Solomon wakati huo vilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwezi Mei 1942 majeshi ya Japani yaliteka kisiwa kidogo cha Tulagi, palipokuwa makao makuu ya serikali, na mwanzoni mwa Julai wakavuka mlango wa bahari hadi Guadalcanal wakiwa na vibarua wapatao elfu mbili na zaidi, wakiwamo Wakorea waliochukuliwa kwa nguvu. Vibarua hao wakaanza kukata nyasi, kusawazisha ardhi na kuishindilia.

Kusudi la Wajapani lilieleweka. Ndege zikiruka kutoka hapo zingeweza kuzishambulia meli zote zilizokuwa zikipita kati ya Marekani na Australia. Katika vita vya kisasa uwanja wa ndege ni mkono mrefu wa jeshi. Wazee wetu wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944 waliujua ukweli huo kwa matumbo yao, maana katika Bonde la Kabaw, wakati mvua zilipozigeuza barabara kuwa matope, chakula na risasi zao ziliangushwa na ndege zilizotoka katika viwanja vya nyuma yao. Aliye na uwanja anakula, asiye nao anafunga mkanda.

Habari za ujenzi huo zilifika mapema kwa maadui wa Japani. Ofisa wa serikali wa wilaya, Martin Clemens, hakukimbia kisiwa. Alipanda milimani na redio yake pamoja na polisi wenyeji, na kutoka huko akawa anatoa taarifa ya kazi ilivyokuwa ikiendelea.

KUTEKWA KWA UWANJA

Tarehe 7 Agosti 1942 askari wapatao 11,000 wa divisheni ya kwanza ya Marine, wanamaji wa Marekani wapiganao nchi kavu, waliteremka Guadalcanal chini ya Meja Jenerali Alexander Vandegrift. Walinzi wa Kijapani walikuwa wachache na vibarua hawakuwa na silaha. Wote wakakimbilia porini. Kesho yake alasiri uwanja ulikuwa mikononi mwa Wamarekani.

Furaha yao haikudumu hata usiku mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 9 manowari za Japani zilizishambulia kwa ghafula meli za ulinzi karibu na kisiwa cha Savo. Manowari nne kubwa, tatu za Marekani na moja ya Australia, zilizama, na mabaharia zaidi ya 1,000 wakafa. Meli za uchukuzi zilizobaki ziling'oa nanga zikaondoka, ilhali shehena kubwa ya chakula, mashine na seng'enge ilikuwa ingali ndani yake. Askari walioachwa ufukoni wakawekwa kwenye posho ya milo miwili kwa siku, na sehemu kubwa ya milo hiyo ilikuwa mchele ulioachwa na Wajapani.

Hapa ndipo wahandisi wa medani walipoonyesha thamani yao. Mashine zao zilikuwa zimekwenda na meli. Wakachukua rola, malori na zana nyingine za adui, wakaliziba pengo lililokuwa limebaki katikati ya njia, wakashindilia. Katikati ya Agosti njia ilikuwa tayari. Ikapewa jina la Meja Lofton Henderson, rubani wa Marine aliyeuawa katika mapigano ya Midway mwezi Juni mwaka ule ule. Tarehe 20 Agosti ndege za kwanza za kivita zilitua: 19 za kupigana angani na 12 za kutupa mabomu. Inasemekana hata askari wagumu walitokwa na machozi walipozisikia ngurumo zake, kwa kuwa tangu waachwe ufukoni karibu ndege zote walizoziona angani zilikuwa za adui.

SAJINI MEJA VOUZA

Siku ile ile ndege zilipotua, kilomita chache upande wa mashariki, lilitokea jambo ambalo kila polisi anapaswa kulijua.

Jacob Vouza alikuwa mwenyeji wa Guadalcanal. Alijiunga na polisi wa himaya mwaka 1916, akatumikia miaka 25, akastaafu mwaka 1941 akiwa na cheo cha sajini meja. Vita vilipofika kijijini kwake hakuna sheria iliyomlazimisha kurudi kazini. Alirudi kwa hiari yake, akawa mpelelezi na kiongozi wa doria za Wamarekani.

Tarehe 20 Agosti, akiwa katika upelelezi peke yake, alikamatwa na askari wa Kanali Ichiki, ambaye alikuwa ameteremka kwa siri na askari 900 hivi ili kuurudisha uwanja. Walimpekua wakamkuta na bendera ndogo ya Marekani aliyokuwa amepewa kama zawadi. Wakamfunga kwenye mti. Walitaka kujua mambo mawili tu: Wamarekani ni wangapi, na wamejipanga wapi. Wakampiga, hakusema. Wakamchoma singe kifuani na kooni, hakusema. Walipodhani amekwisha kufa wakamwacha wakaenda zao.

Vouza hakuwa amekufa. Alizitafuna kamba kwa meno hadi zikakatika, kisha akatambaa gizani, akitokwa na damu, hadi kwenye mstari wa Wamarekani. Alipofika akaomba aitiwe Clemens. Kabla ya kukubali kutibiwa alieleza yote aliyoyaona: idadi ya adui, silaha zao, na njia waliyoshika. Ndipo akaomba aandikiwe maneno ya mwisho kwa mkewe na watoto wake.

Askari wa Ichiki walishambulia usiku wa kuamkia tarehe 21 wakivuka mlango wa kijito kilichokuwa na mchanga mbele ya bunduki za rashasha zilizokuwa zikiwangoja. Wapatao 800 walikufa kabla ya jua kuchwa. Vouza hakuhitaji yale maneno ya mwisho. Alipona, akarudi kazini, akapata nishani za Marekani na za Uingereza, na mwaka 1979 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Alifariki mwezi Machi 1984, mzee wa nchi iliyokwisha kujitawala.

MASIKIO YA MILIMANI

Ndege za kutupa mabomu za Japani zilitoka Rabaul, mwendo wa kilomita zaidi ya 1,000. Zilikuwa bora, na ndege zao za kuzilinda, zile zilizoitwa Zero, zilipanda juu upesi kuliko ndege za Wamarekani. Kama vita hivyo vingekuwa vya mashine kwa mashine, uwanja wa Henderson ungalipotea mapema.

Lakini njiani, katika kisiwa cha Bougainville, walikuwako watu wawili waliojificha milimani na redio zao, Jack Read na Paul Mason, wakilindwa na kulishwa na wenyeji pamoja na polisi wachache. Kila kundi la ndege lilipopita juu yao walilihesabu na kutoa taarifa. Hivyo uwanja ulipata onyo la saa mbili hivi kabla ya mabomu kufika. Ndege za Wamarekani zilihitaji zaidi ya nusu saa kupanda juu kabisa. Kwa onyo hilo ziliwahi kupanda, zikamngoja adui kutoka juu yake, zikashuka na jua mgongoni. Marubani wa Japani, waliokuwa wamekwisha kuruka saa nne, hawakuwa na mafuta ya kukaa na kupigana. Waliopigwa wakiwa mbali na kwao hawakuweza kurudi. Sentensi chache za redio zilikuwa na thamani ya kikosi kizima cha ndege.

KILIMA KILICHOKUWA MGONGONI

Mwezi Septemba Wajapani walijaribu tena. Meja Jenerali Kawaguchi aliwaongoza maelfu ya askari kupitia msituni ili aushambulie uwanja kutoka kusini, ambako hakukuwa na bahari. Huko palikuwa na mgongo wa kilima wenye nyasi, uliokuwa umbali wa kilomita moja na nusu hivi kutoka njia ya ndege. Luteni Kanali Merritt Edson alikuwa ameupanga hapo mstari wa askari 800 na ushei.

Usiku wa tarehe 12 hadi 14 Septemba Wajapani walikipanda kilima kile mara nyingi. Wamarekani walirudishwa nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kituta cha mwisho, na nyuma yake palikuwa na uwanja. Mizinga ilipigwa karibu mno na askari wao wenyewe. Palipopambazuka kilima kilikuwa bado chao, na mamia ya maiti walikuwa wamelala nyasini. Mwezi huo huo askari wa Afrika Mashariki walikuwa wakiteremka Majunga, kisiwani Madagaska. Vita vilikuwa vimeifunika dunia nzima, na kila mahali aliyeshika ardhi ndiye aliyeulizwa jambo la mwisho.

Kushindwa kwa Kawaguchi kulitokana pia na msitu. Askari wake walifungua njia kwa mapanga, wakapotezana gizani, wengine wakachelewa kufika mahali pa shambulio. Mizinga yao mingi ilikuwa imebaki nyuma. Mpango uliopendeza juu ya ramani ulikutana na mizizi, matope na njaa.

BELESHI NA PIPA

Turudi kwenye njia yenyewe. Jua lilipowaka vumbi jeusi liliingia katika mashine za ndege. Mvua iliponyesha magurudumu yalizama. Hapakuwa na magari ya mafuta ya kutosha. Mafuta yalipampiwa kwa mikono kutoka mapipani, yakichujwa kwa ngozi laini ili maji na uchafu visiingie, na mabomu yalibebwa kwa mabega. Malaria iliwalaza askari wengi kuliko risasi zilivyowalaza.

Mapema Septemba walifika wajenzi wa jeshi la majini, watu waliokuwa mafundi wa barabara na majumba kabla ya vita. Walibuni utaratibu ulio rahisi na wa ajabu. Walipima kwanza ni changarawe kiasi gani hujaza shimo la bomu la kilo 225. Kisha malori yalijazwa kiasi hicho hicho yakafichwa kandokando ya uwanja, pamoja na vipande vya chuma vya kutandika juu. Bomu lilipoanguka, hata kabla ya ndege za adui kutoweka, watu mia moja walitoka mahandakini mwao wakakimbilia shimoni. Baada ya dakika arobaini hivi shimo lilikuwa limezibwa na ndege zinaweza kutua. Mara nyingi ndege zilizungukazunguka angani zikiwangoja mafundi wamalize.

USIKU WA MAKOMBORA

Kipimo cha mwisho cha watu hao kilikuja usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba. Baada ya saa saba na nusu usiku manowari mbili kubwa za Japani, Kongo na Haruna, zilisimama mbele ya pwani na kuupiga uwanja kwa makombora 973, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 600. Kazi hiyo ilichukua saa moja na dakika ishirini hivi. Watu 41 walikufa. Katika ndege 90, zilizoharibika zilikuwa 48, na karibu mafuta yote yakateketea.

Asubuhi ilipofika Wajapani waliamini kwamba uwanja umekufa, wakaleta meli zao za askari mchana kweupe. Mafundi nao walikuwa wakizunguka katika mabaki ya ndege, wakikamua mafuta kutoka matangi ya ndege zilizovunjika na kufukua mapipa yaliyokuwa yamefichwa huku na huko. Haba na haba hujaza kibaba. Siku iliyofuata ndege zilizobaki ziliruka, na meli tatu kati ya hizo zikalazimika kupanda pwani zikiungua.

Mwishoni mwa Oktoba divisheni moja ya Japani ilishambulia tena kutoka kusini kwa usiku mfululizo, ikarudishwa kwa hasara ya maelfu. Katika mkanganyo wa gizani taarifa ilipelekwa kwa manowari zao kwamba uwanja umetekwa, kumbe haukuwa umetekwa. Huo nao ni ushahidi kwamba habari ya uongo, hata isiyokusudiwa, huua watu wa upande wa yule aliyeitoa.

Katikati ya Novemba Japani ilituma meli 11 zilizopakia askari wapatao 7,000. Kabla yake zilitangulia manowari kubwa kuupiga tena uwanja, lakini manowari za Marekani zilizizuia usiku wa tarehe 13, zikajitoa mhanga kwa kupigana na adui aliyezizidi nguvu. Usiku huo uwanja haukupigwa. Palipopambazuka ndege zake ziliruka, zikashiriki kuizamisha manowari kubwa Hiei iliyokuwa imejeruhiwa usiku. Kesho yake zikazikuta zile meli za askari njiani. Saba ziliangamizwa baharini, na nne zilizobaki ziliteketezwa zilipokwisha kupanda pwani.

Tangu hapo Wajapani waliokuwa kisiwani walikuwa wakifa kwa njaa. Wenyewe walikiita Kisiwa cha Njaa. Mwanzoni mwa Februari 1943 manowari zao ziliwaondoa usiku watu zaidi ya 10,000 waliodhoofika. Zaidi ya nusu ya waliokuwa wameletwa walibaki humo milele. Marekani na washirika wao walipoteza watu wapatao 7,000, wengi wao mabaharia.

WALIOBEBA MIZIGO

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Wenyeji wa Visiwa vya Solomon hawakuanzisha vita hivyo. Hata hivyo maelfu yao waliandikwa katika kikosi cha vibarua, wakapakua meli, wakabeba risasi hadi mstari wa mbele na kuwashusha majeruhi, kwa mshahara wa paundi moja kwa mwezi. Wamarekani walipotaka kuwapa zaidi, serikali ya kikoloni haikupenda.

Vibarua hao waliona mambo yaliyowafungua macho. Waliona askari weusi wa Marekani wakivaa sare ile ile na kula chakula kile kile kama weupe. Vita vilipokuwa vikielekea ukingoni walianzisha, hasa katika kisiwa cha Malaita, chama cha umoja kilichoitwa Maasina Ruru, kikidai mishahara bora na haki ya kujiendeshea mambo yao. Wakoloni waliwafunga viongozi wake na wafuasi wengi. Lakini mbegu ilikwisha kuota, na tarehe 7 Julai 1978 Visiwa vya Solomon vikawa nchi huru.

UWANJA BAADA YA VITA

Makao ya serikali hayakurudi Tulagi. Mji mkuu mpya, Honiara, ulianza katika nyumba za bati na barabara zilizoachwa na jeshi la Marekani, kilomita chache magharibi ya uwanja. Uwanja wenyewe uliachwa ukaota majani, ukafunguliwa tena kwa ndege za abiria mwaka 1969. Leo unaitwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Honiara, ingawa jina la Henderson lingali midomoni mwa watu. Serikali ya Japani imesaidia kuuboresha kwa majengo na vifaa. Waliouanza kwa vita wamerudi kuumalizia kwa amani.

Tarehe 24 Julai 2003, baada ya miaka mitano ya ugomvi wa makabila na bunduki mikononi mwa vijana, ndege za kijeshi zilitua tena Henderson. Safari hii zilileta polisi na askari wa Australia, New Zealand, Fiji, Papua New Guinea na Tonga, walioitwa na serikali ya nchi yenyewe kuja kukusanya silaha na kurejesha amani. Ujumbe huo ulimaliza kazi yake Juni 2017, na ulinzi ukabaki kwa polisi wa nchi, maana Visiwa vya Solomon havina jeshi.

Polisi hao wana kazi moja ambayo vita vya 1942 viliwaachia. Kikosi chao cha kutegua mabomu kingali kinafukua makombora katika mashamba, viwanja vya shule na nyua za watu. Mwezi Mei 1921 haikuwako hata moja. Mwezi Mei 2021, karibu miaka 80 baada ya vita, watu waliokoka moto wa kupikia uani mjini Honiara bila kujua kwamba chini yake lilikuwapo kombora. Likalipuka, likaua. Aliyelirusha na aliyekusudiwa wote ni marehemu; aliyeuawa hakuwa amezaliwa.

Ndugu askari, ndugu polisi, ulizapo ni nani aliyeulinda uwanja wa Henderson, usiishie kwa rubani. Mtaje fundi aliyepima changarawe kabla bomu halijaanguka. Mtaje askari aliyekaa handakini mwake kilimani usiku kucha. Mtaje mtu wa redio aliyehesabu ndege kwa usahihi, asiongeze wala asipunguze. Na umtaje mzee aliyekwisha kurudisha sare yake kituoni, aliyefungwa kwenye mti akiwa na siri ya wenzake kifuani, na ambaye alipopata nafasi ya kuokoa roho yake aliitumia kwanza kutoa taarifa.